Kamera, Fimbo na Timazi: Kupiga Picha Vyombo vya Jibondo kwa Ajili ya Kuunda Mfano

Kati ya picha zote nilizopiga Jibondo, ninayoitumia mara nyingi zaidi ni mbaya. Mashua imekaa upande mchangani, haina mlingoti, imeegemezwa magogo, na mbele yake imesimamishwa fimbo yenye mabaka meusi na meupe. Nyuma kabisa mbuzi amenipa mgongo. Hakuna atakayeitundika ukutani. Lakini ndiyo picha iliyoniwezesha kuunda kimashua cha sentimita 41, ambacho fundi mmoja wa huko alikipokea, akakigeuza tumbo juu, akapitisha kidole kwenye mkuku, akasema, "Hii naijua."

Picha ya machweo, tanga jeupe na anga la zambarau, utaipata kwa mgeni yeyote aliyelala siku mbili Utende, kisiwani Mafia. Haikusaidii kitu ukishakaa mezani na kisu, gundi na vipande vya mbao. Anayeunda mfano anataka picha inayopimika: aiwekee rula, apate jibu. Hiyo ndiyo picha nitakayoizungumzia hapa, na wewe msomaji nakuchukulia kuwa una simu nzuri au kamera ya kawaida, una mkono wa kazi, na una siku tatu nne za kukaa Mafia bila haraka.

Jibondo ni kisiwa kidogo upande wa kusini wa Mafia, jirani na Juani na Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyotangazwa mwaka 1995. Ardhi yake ni mawe ya matumbawe. Udongo wa kulima ni haba, na kwa miaka mingi maji matamu yaliletwa kwa vyombo kutoka ng'ambo. Watu wake wakaegemea bahari: uvuvi, mwani, na kuunda vyombo. Kazi hiyo ya mwisho hufanyika hadharani, pwani, chini ya mti au kibanda cha makuti. Hakuna karakana ya kufungwa mlango na hakuna mchoro. Fundi ana tezo, msumeno, keekee, randa na kamba. Umbo la chombo analo kichwani. Ukitaka ramani ya mashua ya Jibondo, itabidi uichore wewe mwenyewe kutoka kwenye chombo kilichokwisha kuundwa, na kamera ndiyo kalamu ya kwanza.

Mbinu nyingi nilizonazo nimeziazima kwa watu wa treni. Ulaya na Marekani kuna watu wazima, wenye wajukuu, wanaoshinda kando ya madaraja ya reli wakipiga picha mabehewa ya mizigo, msumari kwa msumari, ili wakayaunde mezani kwa ukubwa wa kiganja. Wana nidhamu ya ajabu katika jambo hili. Mafia hakuna reli, na huko bara ukilenga kamera kwenye daraja la TAZARA au la Reli ya Kati usishangae askari akikuuliza kibali. Mizigo ya visiwa hivi ilibebwa na jahazi: nazi, boriti, chumvi, saruji, hata ng'ombe. Kwa hiyo behewa letu ni jahazi, na daraja letu ni magogo yanayolishikilia pwani maji yakipwa.

Anayeona huu ni mchezo wa watoto akumbuke mtepe. Chombo kile cha kushonwa kwa kamba za usumba, chenye tanga la mkeka, kilisafiri pwani yetu kwa karne nyingi, kisha kikatoweka katika karne ya 20 bila mtu kuacha vipimo vyake kamili. Mtepe ulipoundwa upya Zanzibar na kuwekwa katika jengo la Beit el-Ajaib, wahusika ilibidi wategemee picha za zamani na mifano midogo iliyosalia kwenye makumbusho. Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo ikaporomoka. Vijahazi vya mezani vina kazi yake.

Hodi kwanza

Kufika si shida. Ndege ndogo zinatoka Dar es Salaam hadi Kilindoni, au unapanda boti Nyamisati, upande wa bara. Kutoka Kilindoni unakwenda Utende kwa gari au bodaboda, unalipa kiingilio cha Hifadhi na kutunza risiti, kisha unatafuta mashua ya kukuvusha. Muda wa kuvuka usiuulize kwa saa. Uliza upepo na maji. Beba maji yako ya kunywa ya kutosha. Kisiwa ambacho watu wake wamezoea kuhesabu madumu si mahali pa kwenda kuomba glasi ya tano.

Ukishuka, anzia ofisi ya serikali ya kijiji. Jieleze wewe ni nani, unatoka wapi, unataka nini. Sema wazi: "Nataka kupima chombo nikaunde mfano wake." Sentensi hiyo hufungua milango ambayo "nataka kupiga picha" huifunga, kwa sababu wapiga picha wamepita wengi na hawajarudi. Pwani nako kuna watu wawili wa kuombwa ruhusa: fundi anayeunda, na tajiri mwenye chombo. Fundi anaweza kukukubalia, tajiri akachukia kukuta mtu anakizunguka chombo chake na kamba ya kupimia. Kwa wakubwa anza na shikamoo, na usikimbilie kutoa kamera. Ukitaka kusifia, tanguliza mashallah. Chombo ambacho hakijashushwa majini watu wanakiogopea jicho.

Kifuta jasho kipangeni kabla, si baada ya kazi. Akina mama walioko kwenye mwani au wanaopita na ndoo hawahusiani na kazi yako, kamera igeuze. Ijumaa mchana hakuna kazi pwani, nawe usitarajie. Na kama una kamera ya kurusha angani, elewa kwamba inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mimi siitumii. Chombo kinaundwa na watu wanaokitazama kutoka ardhini, na picha ya kutoka angani haikuonyeshi mpindo wa tumbo, ambao ndio kazi yenyewe.

Fuata maji, si jua

Kosa la wapiga picha ni kupanga siku kwa mwanga. Hapa panga kwa maji. Chombo kilicho majini kimekuficha nusu yake, na nusu iliyofichwa ndiyo ngumu kuunda. Maji yakipwa, mashua na majahazi yaliyotia nanga karibu na pwani hukaa mchangani yakiwa wazi mpaka mkuku. Unazunguka kwa miguu, unapima, unachungulia.

Chagua siku za bamvua, zile za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokauka mbali kabisa. Tofauti kati ya kujaa na kupwa kwenye pwani yetu siku hizo huzidi mita 3. Jambo zuri ni kwamba bamvua kwetu lina saa zake: maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na siku inayofuata huchelewa kwa kama dakika 50. Ukiwa umesimama mchangani saa tatu, una saa tatu za kazi kabla bahari haijarudi kudai mahali pake. Siku za maji mafu kupwa huangukia jioni, kwenye mwanga mtamu, lakini maji hayaendi mbali na mkuku unabaki umelowa. Mwanga mtamu bila mkuku, au mkuku kwenye jua kali? Chukua mkuku.

Jua la saa nne lina tatizo lake: sehemu ya juu ya chombo inang'aa, tumbo linakuwa giza. Dawa ni shuka jeupe. Litandaze mchangani chini ya upande unaoupiga picha, na mwanga utaruka kutoka kwenye shuka hadi kwenye mbao. Wingu likipita, usilalamike, harakisha. Kwa kazi hii mawingu ni bora kuliko jua, kwa kuwa kivuli kikali hukuchorea mistari isiyokuwepo, ukarudi nyumbani ukiunda kivuli.

Begi la vifaa vyangu ni jepesi. Fimbo ya mita 2 ya mbao, iliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe kila sentimita 10. Fimbo nyingine ndogo ya sentimita 30 kwa vitu vidogo. Utepe wa kupimia, timazi, pima maji, kamba ya mita 15, chaki, karatasi nyeupe, daftari. Waya laini wa kama mita 2, utaona kazi yake. Na mifuko ya plastiki ya kutosha, maana chumvi na mchanga huua kamera kimyakimya. Lenzi usiibadilishe ukiwa ndani ya mashua hata bahari iwe shwari vipi.

Picha ya ubavu

Hii ndiyo mama. Ukiwa na muda wa picha moja tu, piga hii.

Rudi nyuma. Watu husogea karibu ili chombo kijaze kioo, na hapo ndipo kinapopotoka: omo, yaani mbele ya chombo, linavimba, na tezi, yaani nyuma, linakimbia. Simama mbali mara tatu au nne ya urefu wa chombo. Kwa mashua ya mita 8 ni hatua thelathini na zaidi, na maji yakiwa yamekupwa nafasi hiyo ipo. Kisha vuta kwa lenzi. Kwenye simu tumia lenzi ya kuvutia, ile pana usiiguse. Simama katikati ya chombo, si karibu na omo wala tezi, na kamera iwe kwenye kimo cha nusu ya ubavu. Mara nyingi itabidi upige goti. Kamera isiinamishwe. Mstari wa upeo wa bahari, kama unaonekana, uwe sawa na ukingo wa picha.

Sasa fimbo, na hapa ndipo nilipojikwaa. Safari yangu ya kwanza niliichomeka mchangani mbele ya mashua, mahali palipokuwa rahisi, kama mita moja karibu yangu kuliko mkuku. Nilikuwa nimesimama mita 20. Hesabu yake ni rahisi na chungu: kitu kilicho mita 19 kinaonekana kikubwa kuliko kilicho mita 20, fimbo ikanidanganya kwa asilimia 5, na mashua ya mita 8 ikatoka mita 7 na sentimita 60. Sentimita 40 zimepotea hewani. Fimbo iwe kwenye usawa uleule wa kitu unachokipima. Ukitaka urefu wa mkuku na mwinamo wa hanamu, ule mti wa omo, iegemeze kwenye hanamu yenyewe, na nyingine kwenye fashini ambako usukani unaning'inia. Ukitaka mpangilio wa mbao za ubavuni, ilaze juu ya ubavu. Piga picha mbili tofauti, usitake moja ikutumikie kote.

Baada ya ubavu wa kulia, piga wa kushoto. Kisha omo kwa mbele moja kwa moja, tezi kwa nyuma moja kwa moja. Kwenye jahazi, shetri, ile sehemu ya nyuma iliyokatwa wima, ndilo sura ya chombo. Lipige kwa uangalifu kuliko omo. Kisha pembe nne. Mwisho, zunguka chombo polepole ukipiga picha kila hatua mbili, kila picha ikichukua theluthi mbili ya ile iliyotangulia; mzunguko mmoja kwa kimo cha kifua, wa pili kwa kimo cha goti. Picha hizo themanini au mia zinaweza kuunganishwa na programu ya kompyuta zikawa umbo la pande tatu. Fanya mzunguko huo ndani ya robo saa kabla vivuli havijahama, na waombe watoto wasimame upande wako. Mbuzi hawaombeki.

Kulia na kushoto

Picha peke yake haikupi mpindo wa tumbo. Hapo ndipo timazi na waya vinapoingia. Gawa urefu wa chombo kwa chaki kila mita moja. Kwenye kila alama bonyeza waya ubavuni, kutoka ukingo wa juu hadi mkuku, uufuate mpindo. Utoe taratibu, uulaze mchangani penye usawa, weka fimbo kando yake, piga picha kutoka juu. Umepata kipande cha chombo kama kilichokatwa kwa kisu. Hakikisha kwa timazi: iteremshe kutoka ukingoni, pima umbali wa kutoka kwenye kamba hadi ubao, kila sentimita 20. Waya hujinyoosha mkononi bila wewe kujua. Timazi haina tabia hiyo.

Safari ile ya kwanza nilipima upande mmoja tu, wa kulia, nikafunga daftari. Mzee fundi alikuwa ameketi juu ya gogo akisokota pamba ya kukalafati, ya kuzibia maungio ya mbao.

"Umepima huku tu, mwanangu?"

"Ndiyo, mzee. Si zinalingana?"

Akacheka. Akainuka, akafunga kamba kutoka omo hadi tezi, katikati kabisa, akanipa timazi nishike. Yeye akapima kwa vidole, upande huu, upande ule. Kwenye taruma la sita kutoka omo tofauti ilikuwa vidole viwili.

"Mti wa upande huu ulipinda zaidi," akasema. "Nimeuchonga mpaka ukakataa."

Taruma, ule mti uliopinda unaoshika mbao kwa ndani, halikunjwi kwa mashine. Fundi hutafuta tawi au shina lililopinda lenyewe, la mwembe au mtondoo au mti mwingine mgumu, akaliwinda kama mtu anayetafuta kiatu cha saizi yake. Miti miwili haipindi sawa. Nikamuuliza kama chombo hakitakwenda upande. "Kitakwenda tu. Nahodha atajua kinapenda wapi."

Tangu hapo napima pande zote mbili, na mfano nauunda na tofauti yake. Kuna wanaosawazisha ili upendeze. Ni hiari yao, lakini wasiseme ni mashua ya Jibondo.

Chombo kikiwa mifupa

Ukibahatika, pwani patakuwa na vyombo viwili vitatu kwenye hatua tofauti: kimoja mkuku na hanamu tu, kingine kimefika nusu ya mbao, kingine kinakalafatiwa. Hapo usiondoke. Chombo kilichokamilika kinakuficha mpangilio wa ndani, na mpangilio ndio unaokwambia uanze na nini mezani. Kipi kilitangulia, ubao au taruma? Mbao zinaungwa wapi, na maungio ya mstari mmoja yanapishana vipi na ya mstari wa chini yake? Usikisie kutoka kwenye kitabu cha vyombo vya Kuwait au Lamu. Piga picha, kisha muulize fundi, uandike alichosema kwa maneno yake.

Ingia ndani akikuruhusu, uvue viatu. Piga kila taruma linavyokalia mkuku. Piga tako la mlingoti mahali litakapoketi. Piga vichwa vya misumari kwa karibu sana, na fimbo ndogo kando, uone vimezama kiasi gani na umbali kati ya kimoja na kingine. Kipindi fundi anatoboa kwa keekee, subiri. Upinde unakwenda na kurudi, unga wa mbao unadondoka mguuni pake, na tundu linafuata mwelekeo ambao hutauona tena msumari ukishaingia. Kukalafati nako kupige picha pamba ikiwa nje nusu, maana ikishagongwa ndani mstari wote unakuwa uzi mmoja tu mweusi.

Rangi zina mtego. Ubao uliopakwa sifa, yale mafuta ya papa, huwa na weusi wa kahawia ambao kamera huupenda kuufanya mwekundu. Chini, palipopakwa deheni, ule mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ni peupe lakini si peupe pa karatasi. Ndiyo maana ya karatasi katika begi: iweke kando ya ubao kwenye picha moja, ukifika nyumbani una cha kulinganishia.

Vipimo vya fundi vipokee kama anavyovitoa. Akikwambia chombo ni mikono kumi na sita, ni mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mwombe akupe mkono uupime. Ukikuta sentimita 46, una chombo cha mita 7 na sentimita 36. Lakini mkono wa fundi mwingine utakupa jibu jingine, na yote mawili ni sahihi.

Tanga likiwa limepanda

Siku ya nne iache kwa ajili ya bahari. Panda mashua nyingine, omba nahodha akae upande ambao jua liko nyuma yenu, upige chombo unachokiunda kikiwa kinakwenda. Hapa ndipo kamba zinapojieleza: jarari ya kupandishia tanga inapita wapi kwenye roda, demani ya kulizuia tanga imefungwa wapi, foromali inayobeba tanga imeinama kiasi gani, tanga linatuna wapi. Piga kabla na baada ya kugeuza. Kugeuza tanga letu la pembe tatu, kulipitisha foromali upande wa pili wa mlingoti, ni sekunde chache za purukushani, na huwezi kuzielewa kwa picha moja; piga mfululizo.

Alan Villiers, baharia wa Australia, aliwahi kufanya kazi kama hii kwenye maji haya haya. Alipanda bumu la Kuwait mwaka 1938, na mwaka 1939 lilifika delta ya Rufiji, ng'ambo ya Mafia, kupakia boriti. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kilitoka 1940, na picha zake zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya bahari ya Greenwich, London. Ukitaka kuona watu wakivuta kamba, hakuna bora kuliko hizo. Lakini bumu si jahazi. Limechongoka mbele na nyuma. Usije ukaunda shetri la Mafia kwa picha za Kuwait.

Mezani

Kila jioni, kabla ya kulala, hamisha picha na uandike. Hili halingoji kufika nyumbani. Baada ya siku mbili mataruma yote yanafanana.

Skeli ninayoipenda ni 1:20. Chombo cha mita 8 na sentimita 20 kinakuwa sentimita 41, kinakaa juu ya kabati bila kugombana na televisheni. Ubao wa sentimita 3 unakuwa milimita moja na nusu, unachongeka. Taruma la sentimita 8 linakuwa milimita 4. Kwenye 1:50 ubao huohuo ni zaidi kidogo ya nusu milimita, na hapo unaunda karatasi. Kupata kipimo kutoka kwenye picha, hesabu nukta za fimbo kwenye kompyuta: fimbo ya mita 2 ikichukua nukta 400, kila nukta ni milimita 5, na chombo cha nukta 1,640 ni mita 8.2. Linganisha na utepe uliopima pwani. Zikitofautiana kwa zaidi ya kidole, amini utepe.

Kwa mbao natumia msonobari wa maboksi ya mizigo, uliopasuliwa vipande vyembamba na kulowekwa kabla ya kukunjwa. Tanga ni kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara kadhaa kikapoteza ugumu. Kamba ni uzi wa pamba uliochovywa chai ya rangi. Vanishi inayong'aa usiiguse. Hakuna mashua ya Jibondo inayong'aa ikiwa kavu. Ukikwama kwenye mlingoti ukae wapi ili tanga lisielemee, nenda pwani yoyote ukawatazame watoto wanaoshindanisha vingalawa vyao kwenye maji ya goti, matanga ya mifuko ya plastiki. Hawana picha wala skeli, na vyombo vyao vinakwenda.

Halafu kuna deni. Kabla hujaunda hata ubao mmoja, chapisha picha za ubavu, omo, tezi na mataruma, seti mbili, uzipeleke au uzitume Jibondo. Seti moja ya fundi, moja ya tajiri. Fundi ataona kosa lako la kupima kwa dakika moja, jambo litakalokuokolea miezi miwili. Andika nyuma ya kila picha jina la chombo, tarehe na hatua ya kazi, na jina la fundi kama ameridhia. Andika kwa kalamu ya risasi. Wino ukiguswa na maji ya chumvi hufutika.